Mnyoo aliyekutwa ndani ya chaza: kisa cha jina ambalo hatujalitoa

Chaza wa kwanza kufa hawakumshitua mtu. Anayefuga chaza wa lulu anajua kwamba wachache watakufa, na kina mama wa kikundi nilichokuwa nikikisaidia upande wa Fumba, hapa Unguja, walikwishazoea kuyatoa magamba matupu kwenye vikapu vya nyavu, wakayatupa chini ya kamba, wakaendelea na kazi. Kilichowashitua ni namna walivyokufa hawa wa msimu ule. Magamba yalikuwa mazima, yamefunguka kidogo, na ndani mnang'ara kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Hamna nyama, hamna uvundo, hamna tundu.

Ukifuga chaza unajifunza kumtambua mwizi kwa alama anazoacha. Kaa huvunja ukingo wa gamba akaacha meno meno. Pweza hutoboa kitundu kidogo, au hulivuta gamba kwa nguvu mpaka likaachia. Konokono wa jamii ya Cymatium, wenye gamba la manyoya, ni adui mkubwa wa chaza wa lulu katika mashamba ya Pasifiki, lakini huyo ukikung'uta kikapu humkosi, kwani ni mkubwa wa kutosha kushikwa kwa vidole. Tulikung'uta vikapu vyote. Tulipata kaa wadogo, tukapata samaki wawili watatu wa mwambani, konokono hatukumpata.

Mwenye kusoma ajue hasara yake ilivyo. Kwa lulu nusu, chaza hubandikwa vijibonge vya nusu duara kwenye ukuta wa ndani wa gamba, kisha hurudishwa baharini ili avifunike kidogo kidogo kwa utando wake unaong'aa. Kazi hiyo humchukua karibu mwaka. Chaza anayeliwa katika mwezi wa nane wa kazi hiyo huacha lulu nyembamba isiyouzika, na mama aliyemsugua, akamhamisha na kumlinda miezi yote hiyo hapati kitu.

Aliyempata mwizi ni mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Ilikuwa siku ya bamvua, maji ya kiunoni. Alimtoa chaza mmoja aliyelegea, akaingiza kisu, akafungua, kisha akaninyooshea bila kusema kitu. Juu ya utando unaong'aa paliganda kitu bapa, rangi ya udongo uliochanganyika na maziwa, kimekaa kama ulimi. Nilipokigusa kwa ukucha, kingo zake zilijikunja na kikaanza kuteleza kuelekea kwenye bawaba ya gamba.

"Huyu namjua," alisema. "Nimemuona zaidi ya mara moja. Nilidhani ni ute wa chaza mwenyewe."

Maneno hayo nimeyaandika hapa kwa sababu nitayarudia mbele.

Alikuwa mnyoo bapa wa baharini, wa oda, yaani kundi kubwa la wanyama, iitwayo Polycladida. Jina hilo maana yake ni wenye matawi mengi, nalo limetokana na utumbo wao uliotawanyika mwili mzima kama vijito. Hawana njia ya haja. Kinachoingia kinywani na kisichosagika hutokea kinywani vile vile. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 800 duniani, na nyingi zinazopigwa picha na wapiga mbizi wetu wa Mnemba na Misali ni za lile kundi la rangi: zambarau yenye ukingo wa chungwa, nyeusi yenye mstari wa manjano. Wale hukaa wazi juu ya matumbawe, na watu huwafananisha na konokono wa baharini wasio na gamba. Kundi la pili ni hawa wa udongo, wa chini ya mawe na ndani ya magamba. Arnold Lang, aliyeandika kitabu kikubwa cha minyoo hao kutoka Ghuba ya Napoli mwaka 1884, ndiye aliyeigawa oda hiyo katika makundi mawili: Cotylea, wenye kinyonyio tumboni nyuma ya tundu la uzazi la kike, na Acotylea, wasio nacho. Wa Bi Mkubwa hakuwa nacho.

Nasema wazi kwamba nampenda zaidi huyu wa udongo. Wa rangi wanao mashabiki wa kutosha. Huyu anaingia ndani ya chaza aliye hai kupitia ufa mdogo, analikunjua koromeo lake lenye mikunjo kama shela, anamla mwenye nyumba taratibu, kisha anataga mayai kwenye ukuta wa nyumba hiyo hiyo na kuyakalia.

Siku ile tulipata minyoo watatu. Wawili wa mwanzo tuliwapoteza kwa makosa yetu.

Wa kwanza aliwekwa na kijana wetu kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa nia njema kabisa. Mnyoo bapa hana ngozi ngumu ya kumkinga. Maji matamu yalimuingia na kumvimbisha, na tulipofika ufukweni alikuwa uji. Wa pili nilimtia mimi mwenyewe kwenye spiriti, kama tunavyofanya kwa kamba na konokono. Alijikunja kama karatasi iliyoungua, akatoa ute mwingi wa kahawia, akakakamaa hivyo hivyo. Mnyoo aliyekunjamana hivyo huwezi kumkata vipande vya kueleweka, kwa sababu kila kisu kinapopita kinakata tabaka tatu za mwili mmoja. Yumo bado kwenye chupa yake, na namba yake ninayo, lakini hakuna swali hata moja analoweza kunijibu.

Wa tatu alifika mjini mzima, peke yake kwenye kopo, ndani ya maji ya bahari aliyotoka nayo, katika deli lenye barafu kidogo chini na kitambaa juu ya barafu. Nilimuweka kwenye sahani nyeupe nikamtazama karibu saa nzima. Urefu wake alipojinyoosha ulikuwa milimita 28. Karibu na mbele alikuwa na vipapasio viwili vifupi vya mgongoni, na kwa lensi nikaona madoa meusi madogo sana: mengine ndani ya vipapasio, mengine juu ya ubongo, mengine yamejipanga kuzunguka ukingo wa mwili. Hayo ni macho. Vipapasio vya mgongoni, macho ya ukingoni, koromeo lenye mikunjo katikati ya mwili, na kupatikana ndani ya chaza, vyote vilinielekeza kwenye familia ya Stylochidae. Jenasi yake mama, yaani kundi la spishi ndugu, ni Stylochus, nayo iliwekwa na Ehrenberg mwaka 1831 kwa mnyoo wa Bahari ya Shamu, na spishi zake kadhaa duniani zimeandikwa kwa ubaya huu huu wa kula chaza.

Nilimpiga picha mgongo na tumbo, rula ikiwa pembeni. Halafu nikafanya kosa la tatu, ambalo linaniuma kuliko yale mawili ya mwanzo, kwa sababu hili nilifanya nikifuata maelekezo.

Kabla ya kumgandisha mnyoo kwa formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, hukatwa kipande kidogo cha mwili na kuhifadhiwa kwenye ethanoli safi kwa ajili ya DNA, maana formalini huiharibu. Niliyojifunza ni kwamba kipande hicho hukatwa ukingoni, upande wa nyuma, mbali na kichwa. Kwa minyoo wa rangi niliowahi kuwashughulikia haikuwa na madhara, kwa sababu viungo vyao vya uzazi viko mbele. Kwa Stylochidae matundu ya uzazi, la kiume na la kike, yako karibu kabisa na ncha ya nyuma. Nilikata kwa uangalifu kipande kizuri cha milimita tatu, na ndani yake zikaondoka sehemu zile hasa ambazo zingeniambia huyu ni nani. DNA nilipata. Mwili uliobaki ulikuwa na kila kitu isipokuwa nilichokuwa nikikitafuta.

Kwa nini sehemu hizo zina uzito hivyo? Kwa sababu kwa minyoo wa udongo rangi haisemi kitu. Kwa jamii ya Pseudoceros, ambao ni wa lile kundi la rangi, mambo huwa kinyume: ndani wanafanana mno, na rangi ndiyo inayowatenganisha, ndiyo maana Leslie Newman na Lester Cannon, waliofanya kazi kubwa katika matumbawe ya Australia miaka ya 1990, walisisitiza sana picha ya mnyoo akiwa hai. Kwa Acotylea lazima uingie ndani. Mnyoo hulowekwa katika nta, hukatwa vipande vya unene wa maikroni chache kutoka ubavu hadi ubavu, kila kipande hupangwa kwenye kioo kwa mfuatano wake, hupakwa rangi za hematoksilini na eosini, kisha unakaa na hadubini na kulijenga upya kichwani umbo la mrija ambao huwezi kuuona mzima. Kifuko cha manii kikoje? Kifuko cha prostati, ile tezi ya kiume, kimejitenga na mrija wa manii au umepita ndani yake? Uume una ncha ngumu au ni nyama tupu? Katika mfumo wa Anno Faubel wa mwaka 1983, viungo hivyo vya kiume ndivyo nguzo ya kupanga familia na jenasi. Stephen Prudhoe, katika kitabu chake cha mwaka 1985, aliyapa uzito mkubwa zaidi mambo ya nje, kama mpango wa macho na vipapasio. Basi mnyoo mmoja anaweza kuwekwa mahali tofauti kutegemea umeshika kitabu gani, na hadi leo anayeeleza spishi mpya hana budi kusema anafuata mfumo wa nani.

Tulirudi Fumba bamvua lililofuata. Safari hii nilikaa na kina mama kwanza, juu ya jamvi, nikawaeleza yote matatu tuliyoyaharibu, na la kwangu nikalieleza kwa urefu. Bi Mkubwa alisikiliza akaniuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, huyu mdudu anataka atendewe kama mgonjwa?" Nikamwambia naam. Kila mnyoo kopo lake, maji ya bahari aliyotoka nayo, kivulini, asishikwe kwa vidole bali atelezeshwe kwa brashi laini au kwa jani, na lile gamba alilokutwa ndani yake lije naye.

Wakapatikana wanne. Mmoja alikuwa amekaa juu ya mayai: utando mwembamba wa chembe nyeupe zilizopangwa kwa mistari, umegandishwa kwenye gamba la chaza aliyekwisha liwa. Gamba hilo lilikuwa limelala mchangani chini ya kamba, mahali ambapo magamba matupu hutupwa.

Wale wanne ndio waliotufundisha. Mmoja alikuwa mchanga, viungo vyake havijakomaa. Wawili tuliwagandisha kwa njia iliyoenezwa na Newman na Cannon: unaigandisha kwanza formalini kwenye friza katika chombo kipana, unamwacha mnyoo atambae juu ya karatasi ya kuchujia akiwa na maji machache, na pale anapojinyoosha vizuri unaitelezesha karatasi juu ya ile formalini iliyoganda. Baridi humshika kabla hajapata nafasi ya kujikunja. Ni kazi ya kufanywa na glavu, madirisha wazi, wala haifai kufanyiwa jikoni. Kipande cha DNA safari hii nilikata ubavuni. Wa nne, yule wa mayai, tulimuacha hai na mayai yake kwenye jagi la kioo lenye maji ya bahari tuliyokuwa tukiyabadilisha asubuhi na jioni.

Katika wale wawili, mmoja alivurugika wakati wa kukatwa. Nta ilipasuka, vipande vikapoteza mfuatano wake, na mfuatano ukishapotea huna tena mrija, una madoa. Kwa hiyo mpaka sasa ninaye mnyoo mmoja tu aliyekomaa, aliyenyooka, na mwenye vipande vilivyokamilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani yake nimeona kifuko cha prostati kilichojitenga, na kifuko cha manii kinachoonekana vizuri, jambo linalomuweka upande wa Stylochidae bila ya shaka kubwa. Umbo la kifuko cha manii ndilo linalotenganisha Stylochus na jirani yake Imogine kwa mujibu wa Faubel, na la huyu naliona limeelekea kwenye Imogine. Mayai ya yule wa nne yalianguliwa. Yalitoka malava, yaani vitoto visivyofanana bado na wazazi, madogo yanayoogelea, wenye mikono minne midogo ya mviringo, umbo lile linaloitwa lava ya Götte ambalo linajulikana kwa Stylochus, wakati minyoo wengi wa rangi wana lava ya Müller yenye mikono minane. Nilipoyaona yakizunguka chini ya hadubini niliita kila aliyekuwepo chumbani aje atazame.

Hapo ndipo lilipozuka suala la jina.

Mwenzangu mmoja wa maabara alisema tuandike. Hoja yake haikuwa dhaifu. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazidai minyoo kumi. Zinadai holotaipu, yaani mnyoo mmoja aliyechaguliwa waziwazi kuwa mbebaji wa jina, na tangu toleo la nne lilipoanza kutumika mwaka 2000 unatakiwa useme atahifadhiwa wapi. Zinadai maelezo yanayomtofautisha na wengine, na jina lililotungwa kwa taratibu zake na kuchapishwa panapostahiki. Mnyoo mmoja mzuri tunaye. Spishi nyingi za Polycladida duniani zimesimama juu ya mnyoo mmoja au wawili. Akaongeza kwamba tukichelewa atakuja mgeni na kamera yake, akae wiki mbili hotelini, aondoke na mnyoo wetu na jina lake.

Mimi nilikataa, na sababu zangu nazieleza hapa kwa sababu nadhani ndiyo sehemu ya kisa hiki iliyo na manufaa zaidi kwa mwengine atakayejikuta mahali nilipokuwa.

Kwanza, hapa kwetu si bahari isiyowahi kutazamwa. Cyril Crossland alikusanya wanyama wa baharini Unguja na pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1901 na 1902, na minyoo bapa wake wakapelekwa kwa F. F. Laidlaw, ambaye alichapisha maelezo yao mwaka 1903. Laidlaw hakuwa yeye aliyewaokota. Aliwapokea wakiwa wamehifadhiwa, na akafanya kadiri mnyoo aliyehifadhiwa alivyomruhusu. Anayetaka kusema neno "mpya" kwa mnyoo wa Unguja lazima apite kwanza kwenye kurasa zile, mchoro kwa mchoro, na inapobidi aombe kuwaona minyoo wenyewe. Jina la mwanzo ndilo lenye haki. Nikitoa jina leo na kumbe yupo mwenye jina la 1903, langu litakuwa takataka ambayo mtu mwengine atalazimika kuifagia.

Takataka za namna hiyo zina gharama. Huko Florida mnyoo mla chaza aliandikwa mwaka 1931 kwa jina la Stylochus inimicus, na watafiti wa uvuvi wakalitumia jina hilo katika maandiko yao. Baadaye alionekana kuwa ni Stylochus frontalis, aliyekwisha kupewa jina na Verrill mwaka 1893. Mnyoo ni mmoja, maarifa yake yamegawanyika katika mafaili mawili, na mfugaji anayetafuta dawa chini ya jina moja hakioni kilichoandikwa chini ya la pili.

Pili, na hii ndiyo iliyonitia hofu zaidi, mnyoo wa shambani husafiri. Visiwa vya Solomon vilipoanza kufuga makombe makubwa na chaza wa lulu, wafugaji walikutana na mnyoo aliyekuwa akiwamaliza, na mwaka 1993 Newman, Cannon na Brunckhorst walimpa jina la Stylochus (Imogine) matatasi. Hayo mabano yenyewe yanaonesha kwamba wakati ule Imogine ilichukuliwa kuwa tawi ndani ya Stylochus. Nilisoma maelezo yake nikiwa na vipande vyangu mkononi. Anakula chaza wa lulu, anakaa ndani ya magamba, ana rangi ya udongo. Huyu wetu si lazima awe yeye, lakini sikuwa na njia ya kusema si yeye kwa mnyoo mmoja. Chini ya vyombo, kwenye magamba, kwenye kamba zilizolowa, wanyama wa namna hii huhama. Mtu anaweza kukiita kipya cha Zanzibar kitu kilichozaliwa bahari ya mbali.

DNA haikunimalizia hoja. Kipimo kinachotumika sana kwa minyoo hawa ni kipande cha jeni ya 28S. Bahia, Padula na Schrödl walikitumia mwaka 2017 kuzipanga upya familia za Polycladida, na kwa ngazi ya familia ni msaada mkubwa. Ngazi ya spishi mbili zilizo jirani ni jambo jengine. COI, jeni nyengine, ambayo kwa samaki ni kama kitambulisho cha mkaazi, kwa minyoo bapa hukataa mara nyingi, kwa sababu vianzishi vya kawaida, vile vijipande vya DNA vya kuanzishia kunakili, havishiki. Kwangu ilikataa mara tatu. Majibu ya 28S yalithibitisha familia, yakaishia hapo.

Tatu, mnyoo mmoja haukuambii mipaka ya spishi. Hata upana wa ukanda wa macho ukingoni hubadilika kwa umri: yule mnyoo wetu mchanga alikuwa na macho machache ya nyuma kuliko mkubwa. Lau ningekuwa na hao wawili tu, kimoja kutoka kijiji hiki na kimoja kutoka kijiji chengine, ningeweza kuapa ni spishi mbili.

Mwenzangu hakuridhika, nami sikumtaka ajifanye ameridhika. Hoja yake ya mgeni na kamera ni ya kweli na ina uchungu wake. Tulikubaliana kwamba tutakachokiandika kwanza ni taarifa ya mnyoo wa Stylochidae ndani ya chaza wa lulu wa Unguja, pamoja na picha, vipimo, mfuatano wa 28S na namba za vielelezo, bila ya jina la spishi. Taarifa ya namna hiyo hailindi jina, lakini inaweka wazi kwamba mnyoo anajulikana, amehifadhiwa wapi, na nani wa kuulizwa.

Bi Mkubwa naye alikuwa na lake, na swali lake lilikuwa zito kuliko letu sote. "Hilo jina likishapatikana, chaza wangu watapona?"

Nilimjibu kwa kirefu, kwa kuwa alistahiki jibu. Jina peke yake haliponyeshi. Lakini likishapatikana tutajua kama yaliyojaribiwa kwengine yanatuhusu. Wafugaji wa chaza Australia walipokutana na Imogine mcgrathi, mnyoo mwengine mla chaza, watafiti walipima anavumilia chumvi kiasi gani, maji matamu muda gani, na kwa vipimo hivyo mfugaji anajua ataloweka vikapu vyake kwa saa ngapi bila ya kuwaua chaza. Huwezi kuchukua vipimo vya mnyoo mmoja ukamtumilia mwengine kwa kubahatisha, hasa kwa kuwa chaza akifumba gamba lake humfungia mnyoo ndani, salama kabisa na yale maji matamu.

La kufanya mara moja halikungoja jina. Lilitokana na lile gamba la mchangani lenye mayai. Tangu kazi ilipoanza magamba matupu yalikuwa yakitupwa chini ya kamba, na kila gamba lilikuwa nyumba tupu ya kutagia, hatua mbili kutoka kwenye chaza wazima. Kikundi kiliamua siku ile ile: magamba yote yapande nchi kavu, yaanikwe juani. Vikapu vikaanza kusuguliwa mara nyingi zaidi, na chaza anayelegea akawa anafunguliwa hapo hapo badala ya kusubiriwa afe. Sikuhesabu kwa utaratibu wa kisayansi kabla na baada, kwa hiyo sitadai zaidi ya walichosema wenyewe, kwamba magamba matupu yanayong'ara wanayaona mara chache.

Sasa nirudi kwenye lile neno la Bi Mkubwa, "nimemuona zaidi ya mara moja." Katika karatasi ya kielelezo kuna nafasi ya kuandika mahali, tarehe, kina cha maji, jina la aliyekusanya na makaazi ya mnyama. Nilipoijaza kwa mara ya kwanza niliandika "ndani ya chaza wa lulu" nikaona nimemaliza. Bamvua la tatu nilikaa naye nikamuuliza amemuona lini, wapi, katika chaza gani. Alinieleza bila ya kusita. Humuona zaidi baada ya masika kwisha, kusi likishaanza. Humuona katika chaza wakubwa wenye bawa refu, wale wanaoitwa Pteria penguin katika vitabu, kuliko katika wale wa duara. Na hajawahi kumuona chini ya mawe anapookota chaza wa kula, ijapokuwa mawe hayo ameyapindua tangu utoto.

Hilo la mwisho halikuwa limepita kichwani mwangu. Kama mnyoo huyu ni wa hapa tangu azali, angetegemewa awe na maskani ya asili nje ya vikapu. Kama hayupo chini ya mawe, ama anaishi kwa chaza wa kina kirefu tusikofika kwa miguu, ama amekuja na ufugaji wenyewe. Kila njia inabadilisha wapi pa kumtafuta na na nani wa kumlinganisha. Niliifuta ile karatasi nikaiandika upya, mistari kumi na moja, na kwenye nafasi ya aliyekusanya nikaweka jina lake kabla ya langu.

Kinachohitajika sasa kinajulikana. Minyoo wakomavu wasiopungua watatu, walionyooka, waliokatwa DNA ubavuni, wenye nyuma zao kamili, na kama Mungu akijaalia mmoja kutoka chaza wa kina kirefu. Chombo cha formalini kimeshaganda kwenye friza tangu juzi, karatasi za kuchujia zimekatwa, na makopo nimeyapeleka Fumba yakiwa na namba.

Leo asubuhi, bamvua la kwanza tangu kusi lishike, simu imelia kabla sijamaliza chai. "Wawili," alisema Bi Mkubwa, na nyuma yake nilisikia maji yakipiga chombo. "Wakubwa, wamekaa juu ya mayai. Kila mmoja na kopo lake, na gamba lake. Maji yanaanza kujaa, mwanangu, fanya haraka."